Kura kwa Mkenya Mwenzetu

Mimi ni mwoga. Nasema mapema ili nisije nikalaumiwa kwamba nilificha. Kuna watu wanaogopa nyoka, wengine wanaogopa sindano, na hao nawajua kwa sababu ndimi huwadunga. Mimi naogopa kuitwa ofisini, naogopa simu ya nyumbani ikilia asubuhi na mapema, na katika miaka minne ya uuguzi hapa Doha nimeogopa jambo moja kuliko yote: kwamba mtu wa ushirika wetu wa maombi atajua anachofanya mdogo wangu Kiprop kule Uholanzi.

Kiprop alikwenda kusomea upishi. Akamaliza, akaajiriwa hotelini, na Baba, ambaye ni mzee wa kanisa Kapsabet, mpaka leo huwaambia watu kuwa mwanawe ni mpishi wa Wazungu. Hasemi uongo. Lakini mwaka huu Kiprop aliingia katika shindano la televisheni la wanaume wanaojipamba kike na kutumbuiza jukwaani, malkia wa dragi kama wanavyojiita. Walianza kumi na wawili, na kila wiki anatolewa mmoja. Jina lake la jukwaani ni Malkia Cherop. Cherop ni jina langu la nyumbani, limeandikwa hata kwenye kitambulisho changu cha Qatar.

"Kwa nini langu?" nilimfokea siku aliyoniambia. "Majina yote ya Wakalenjin yamekwisha?"

"Nilitafuta jina la mtu wa nyumbani ambaye hajawahi kunipiga," akasema. "Nikapata moja tu."

Basi nikawa namtazama kila wiki nikiwa nimejifungia bafuni, bomba limefunguliwa, visikizi masikioni. Tunaishi wauguzi wanne katika nyumba moja Al Rayyan na kuta zake ni nyembamba hata unaweza kusikia mtu akikunja shuka. Nilimwona akitoka na gauni alilolishona kwa pakiti za unga wa ugali, nembo zote zimepangwa kifuani, na jaji mmoja akacheka mpaka akatoa miwani. Nilicheka nami, mkono mdomoni. Halafu mtu akagonga mlango wa bafu, nikaangusha simu kwenye ndoo.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Hapa mambo hayo ni kosa la sheria, na hata bila sheria, sisi wenyewe tunatosha. Kulikuwa na kijana mmoja, mfanyakazi wa hoteli hapa hapa Doha, ambaye mwenzake wa chumba alimsemea kwa mkubwa wao kwa sababu ya picha alizoziona kwenye simu yake. Sijui yaliyofuata. Najua tu kwamba kitanda chake kilipewa mtu mwingine na kwamba kwenye ushirika tulilitaja jambo hilo mara moja, kwa sauti ya chini, tukapita. Tena mwenyekiti wa ushirika ni Carolyne. Kazini ni Madam Carolyne, mkuu wa wodi yetu. Ijumaa ni Sista Carolyne. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha, na kalamu ya kupendekeza nibaki au nirudi ilikuwa mkononi mwake.

Kiprop alipoingia fainali, wakiwa wamebaki wawili, nilijiambia wiki moja tu, iishe, nipumue. Ndipo Tom akatokea.

Tom ni dereva wa basi la shule na ndiye msimamizi wa grupu letu la Wakenya. Ni mtu mzuri sana, na watu wazuri sana ndio huniua. Alirushiwa video ya sekunde kumi na tano: Malkia Cherop akishuka ngazi, gauni jekundu, bendera ya Kenya begani, maneno yote ya Kiholanzi. Akaiweka kwenye grupu na ujumbe wa sauti.

"Wasee, kuna Mkenya mwenzetu ameingia fainali huko Ulaya! Sijui ni mambo ya urembo ama fashoni, hiyo lugha siielewi hata kidogo. Ingieni hiyo linki mbonyeze kamoyo. Tusiaibishwe!"

Kama unatujua Wakenya kwenye mtandao, unajua kilichofuata. Sisi tukiona bendera yetu hatuulizi shindano ni la nini. Ng'ombe wa Kenya akishindana maziwa huko ng'ambo tutampigia kura tangu alfajiri na kuwatukana ng'ombe wengine. Kufikia jioni grupu la Wakenya wa Al Wukair lilikuwa limejiunga, walinzi wa zamu walikuwa wanabonyeza wakiwa wamesimama getini, na mama mmoja aliandika kwamba amefungua akaunti tatu.

Kesho yake, kwenye chumba cha dawa, Carolyne akanionyesha simu yake. "Milka, hebu ona huyu msichana. Mbona mna sura moja?"

Kiprop akijipaka huwa anachora uso wa Mama, na uso wa Mama ndio huu nilio nao. Nilikuwa nimeshika trei ya sindano, nikaiweka chini kabla haijaanza kulia.

"Wakalenjin tunafanana," nikasema.

"Na Cherop? Si hilo ni jina lako?"

Nikacheka. Sikusema ndiyo, sikusema la. Nilicheka tu kijinga, nikatoka kwenda kumpima mgonjwa ambaye nilikuwa nimeshampima. Kicheko hicho Carolyne alikichukua kuwa ndiyo, akakipeleka moja kwa moja kwa Tom, na kabla sijavua sare, bango lilikuwa tayari. Upande mmoja Malkia Cherop. Upande mwingine mimi, na sare yangu ya kazi, picha waliyoitoa kwenye sherehe ya Krismasi. Katikati, kwa herufi nyekundu: DADA YETU MILKA ANAOMBA KURA YAKO KWA DADA YAKE. MKENYA KWA MKENYA.

Nililisoma nimeketi sakafuni. Mikono ilikuwa baridi na nje kulikuwa na joto la kukaanga yai. Ningemwambia Tom nini? Alitoe kwa sababu gani? Kila sababu niliyoitunga ilikuwa na swali nyuma yake, na kila swali lilikuwa na Kiprop nyuma yake. Nikanyamaza. Bango likaenda Kuwait, likaenda Nairobi. Siku ya tatu binamu yangu wa Eldoret aliniandikia: "Milka, una dada gani tusiyemjua?" Sikulala usiku huo. Nilikuwa nawaza Baba akivaa miwani alisome.

Siku moja kabla ya fainali Kiprop akapiga simu. Alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Dada! Wameniambia kura zangu nyingi zinatoka Qatar. Qatar! Halafu nikaona lile bango. Picha yako kando ya yangu. Dada, wewe ulivyo mwoga, uliwezaje?"

Hakungoja jibu.

"Kuna raundi ya mwisho," akaendelea. "Unavua wigi, unafuta uso, unataja jina ulilopewa na wazazi, halafu wanampigia mtu wako kwa video aseme neno. Ina alama nyingi kuliko zote. Sikuwa na wa kumwita, nilikuwa niseme pasi, niiruke. Sasa nimewapa namba yako."

Sijawahi kusikia furaha namna ile kwa Kiprop, hata tukiwa watoto. Na mimi, mkubwa wake, niliyemfungia kidonda juu ya sikio siku Baba alipomkuta na kitambaa cha kanisa cha Mama kichwani, nikaiua furaha hiyo kwa dakika mbili. Nilimwambia siyo mimi. Nilimwambia hawajui hilo shindano ni la nini, wanadhani wewe ni msichana, watakuwa wote sebuleni kwa Carolyne wakitazama, mkataba wangu uko kwake, nitarudishwa, Baba ataambiwa. Nilimwambia futa namba yangu. Nilisema tafadhali mara nyingi mno.

"Sawa, dada," akasema. "Usiogope."

Ijumaa, baada ya ibada, tulikuwa watu kumi na wanne sebuleni kwa Carolyne, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Chapati zilikuwa zimefunikwa kwa taulo, chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, ilikuwa kwenye birika kubwa, na Tom alikuwa ameunganisha simu na televisheni kwa njia zake anazozijua. Ilikuwa saa kumi na moja jioni na jua la dirishani lilikuwa bado kali. Ningebaki nyumbani, ndiyo. Lakini dada wa mshindani asipotokea, watu watauliza. Niliketi karibu na mlango. Simu niliizima, kisha nikaiingiza kwenye mkoba, kisha mkoba nikaukalia.

Cherop alipotokea na gauni la shanga sebule ilipiga vigelegele. Carolyne mwenyewe alisimama. "Mwangalie, mtoto wa watu! Milka, mama yenu alizaa!" Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Kisha ikaja raundi ya mwisho. Alianza yule mwingine, Mholanzi. Alivua wigi, akafuta uso kwa taulo, na pale aliposimama mwanamke akabaki mwanaume mwenye upara na kivuli cha ndevu. Akataja jina lake. Mama yake akatokea kwenye skrini, analia.

Mtu aliyekuwa anatafuna chapati akaacha.

"Ngoja," Tom akasema. "Kwani huyo ni mwanaume?"

"Zima hiyo kitu," akasema Carolyne.

"Wetu ni msichana, Sista. Si ni sista ya Milka? Tungoje tuone wetu."

Wote wakanitazama. Kama kungekuwa na mlango chini ya kile kiti ningeshuka. Nilitazama televisheni kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kutazama.

Kiprop alivua wigi polepole, akaliweka mezani kwa heshima kama kofia ya mgeni. Akafuta uso. Mama akaondoka, nikaondoka mimi, akabaki yeye, na kovu lake juu ya sikio. Mtangazaji akamuuliza kitu, na hata bila kujua Kiholanzi nilijua ameulizwa nini: jina lako, na tumpigie nani.

Kiprop akaomba kipaza sauti. Akaongea Kiswahili.

"Nawasalimu Wakenya wa Doha. Kura zenu nimeziona, asanteni sana, sikuzitarajia. Sasa mmeona mimi ni nani. Mkikasirika, nikasirikieni mimi. Kuna picha inazunguka ya dada mmoja muuguzi, eti ni ndugu yangu. Simjui. Tumefanana tu. Itoeni hiyo picha, msimsumbue kazini. Mimi sina mtu wa kupigiwa simu."

Mtangazaji alingoja tafsiri, kisha akarudia swali la jina. Kiprop akatikisa kichwa. "Cherop," akasema. "Cherop tu." Majaji wakatazamana. Mmoja aliandika kitu kwenye karatasi yake, na sikuhitaji kuambiwa kwamba ameandika sifuri.

Taji alipewa Mholanzi. Kiprop alimkumbatia, akampigia makofi, kisha akaepusha macho na kamera.

Tom ndiye wa kwanza kupata sauti. "Woi, Milka. Nisamehe, dadangu. Nimekuchafulia jina Gulf yote." Alikuwa anafuta bango, na akawa anaandikia magrupu mengine moja baada ya jingine walifute pia. Watu wakaanza kuongea pamoja, wengine wamekasirika, wengine wanacheka kwa aibu, yule mama wa akaunti tatu anauliza kama kura hurudishwa.

Carolyne alizima sauti ya televisheni akaja mpaka kwenye kiti changu.

"Kwa hivyo humjui?"

Nilikuwa na nafasi. Nataka hilo lieleweke, kwamba nafasi nilipewa, tena ndefu. Carolyne hakuwa ameuliza kwa ubaya. Macho yake yalikuwa na wasiwasi wa kweli, ya mtu anayetumaini jibu fulani kwa faida yako.

"Simjui," nikasema.

Akashusha pumzi, akanishika mikono yote miwili. "Asante Yesu. Niliogopa kwa niaba yako. Jumapili tukirudi kazini nilikuwa nitie sahihi karatasi zako, nikawa najiuliza nitafanyaje. Mikono yako ni baridi, maskini. Simameni, wapendwa, tuombe."

Tukasimama, tukashikana mikono. Alimshukuru Mungu kwa kumwepusha dada yetu na aibu isiyo yake. Akaiombea kazi yangu, akamwombea Baba kule Kapsabet. Kisha, kwa kuwa ana moyo mwema, akamwombea na yule kijana wa kwenye televisheni, ambaye yuko peke yake ugenini, asiye na ndugu hata mmoja duniani.

Wakaitikia amina. Nami nikaitikia, kwa sauti kubwa kuliko wote, ili Carolyne aisikie.