Kuaga Kwemtindi

Asubuhi ya kuhama, Paskalina alifunga mizigo na kuifungua mpaka mumewe akaacha kumtazama. Alifunga sufuria ndani ya mkeka, akakumbuka mwiko, akafungua. Akafunga tena, akaona kamba imelegea, akafungua.

"Hebu kaa kidogo," Silvano alimwambia, huku akibandua bati la jikoni.

"Nikae wapi? Viti umeshavitoa nje."

Ulikuwa mwaka wa operesheni vijiji. Kwemtindi, kitongoji chao cha nyumba chache zilizong'ang'ania ubavu wa mlima juu ya Soni, kilitakiwa kushuka chote kwenda kijiji kipya cha ujamaa, kule chini kando ya barabara ya Mombo. Wenzao walikuwa wametangulia wiki iliyopita, na mtoto wao Kristofa pamoja nao. Lori lao lilitarajiwa kabla ya adhuhuri.

Paskalina alipompelekea mama mkwe wake uji, alikuta kitanda kimetandikwa na fimbo haipo. Akaangalia msalani, akaangalia kwenye migomba. Hakuna mtu.

"Silvano, Mama hayupo!"

Silvano alishuka kwenye ngazi. "Kamfuate wewe. Mimi nikiondoka na lori likakuta nyumba haina mtu, litapita."

Bibi Marta alikuwa mzee wa mgongo uliopinda, na tangu siku ya mkutano wa kutangaziwa operesheni hakuwa amesema hata neno moja juu ya kuhama. Wengine walilia, wengine walibishana na katibu. Yeye alikoroga chai yake. Kimya kile ndicho kilichokuwa kikimkosesha Paskalina usingizi.

Alishika njia ya juu, ile inayopanda mpaka Kwemhafa, kuzunguka bega la mlima, kushuka katikati ya mizabibu ya misheni, kuvuka mfereji na kurudi Kwemtindi kwa upande wa chini. Mzee yule hakuwa na njia nyingine aliyoipenda.

Nyumba ya kwanza nje ya Kwemtindi, ambako operesheni haikufika, ilikuwa ya Rahabu, mjane aliyekuwa akipepeta maharage uani.

"Shikamoo, Mama. Mama mkwe wangu amepita hapa?"

"Marahaba. Amepita jua likichomoza. Ametuaga."

"Amewaaga vipi?"

"Ametushika mikono, mmoja mmoja. Akasema tusipoonana tena, tusameheane." Rahabu aliacha kupepeta. "Kwani hukujua?"

Paskalina alikaza kanga kiunoni. Kule Bumbuli alikozaliwa, bibi yake mzaa mama aliwaita watu na kuwashika mikono namna hiyohiyo, na kabla juma halijaisha akafariki. Paskalina aliaga huku ameshageuka, akaanza kutembea kwa haraka.

Kwemhafa alimkuta Mbaraka, mkulima wa kabichi, akinoa panga mlangoni. Kabla hajaulizwa, Mbaraka alionyesha jembe lililoegemezwa ukutani.

"Amemwachia mke wangu. Nimemwambia, Bibi, huko uendako utalima na nini? Akacheka tu."

Sasa Paskalina alikimbia. Ukungu ulikuwa bado haujaachia bonde, na kila gari liliponguruma kwenye kona za Soni alisimama, akasikiliza, akakimbia tena. Alimkasirikia mzee kwa kutoroka, akamkasirikia Silvano kwa kubaki, akajikasirikia mwenyewe kwa sababu tangu mkutano ule hakuwahi kumuuliza mama mkwe wake, "Wewe unaonaje?" Alikuwa akifunga mizigo.

Mizabibu ya misheni ilishuka mlima kwa matuta, safu chini ya safu, matawi yamefungwa kwenye nyaya. Abrahamu, mlinzi wa shamba, alimwona kwa mbali akampungia kofia.

"Yuko salama! Ameketi safu ya juu. Nimempa maji."

Bibi Marta alikuwa ameketi chini ya majani, mguu mmoja ameunyoosha. Kifundo kilikuwa kimevimba. Kwenye mapaja yake palikuwa na kichala cha zabibu ambazo hazijaiva vizuri, naye alikuwa akizila akikunja uso.

Paskalina alipiga magoti kando yake.

"Unahema kama mbuzi aliyefukuzwa," mzee alisema.

"Mama, watu wanasema umewaaga. Umegawa jembe. Unataka kufanya nini?"

"Si tunahama leo?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi. Nilipoletwa huku mwari, mama mkwe wangu alinizungusha nyumba kwa nyumba kwa njia hiihii, nikatambulishwa. Nimekula kwao, wamezika watoto wangu. Sasa nipande lori nitoweke kama mwizi?" Alitema kokwa. "Na jembe lile mpini umelika. Sikutaka kulibeba."

Paskalina alicheka, kisha akalia, kisha akasimama. "Twende. Nitakubeba mgongoni."

"Bado nyumba moja. Na mguu umekataa. Utaniendea wewe."

Paskalina aliijua nyumba hiyo. Ilikuwa ya Mwanahawa, ng'ambo ya mfereji, nje kidogo ya mpaka wa Kwemtindi. Mwaka wa ukame Mwanahawa alichepusha maji siku ya zamu ya Paskalina, na maharage ya Paskalina yakakauka yote yakiwa na maua. Tangu hapo walipishana njiani bila salamu.

"Mama, lori litafika."

"Basi kimbia. Unajua kukimbia."

Alikwenda huku akitafuta maneno, na kila alilolipata alilitupa. Mwanahawa alikuwa mlangoni anasuka ukili. Hakuinuka.

"Mama Kristofa. Leo umepotea njia?"

"Sikupotea. Tunahama, Mama Hamisi. Mama yetu ameteguka mguu huko kwenye mizabibu, amenituma nikuage."

"Yeye anaaga. Na wewe?"

Paskalina alitazama mfereji. Maji yalikuwa yakipita kwa utulivu, kana kwamba hayakuwahi kugombanisha mtu.

"Na mimi naaga," alisema. "Ila maharage yangu sijayasahau."

"Usiyasahau. Mimi pia watoto walikuwa wanataka kula." Mwanahawa aliweka ukili chini, na sauti yake ikapungua. "Mnakwenda wote, mnaniachia maji haya peke yangu. Sasa nitagombana na nani?"

Halafu akainuka, akaita wanawe kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo. Mussa alitumwa kwa Silvano kumwambia apakie mizigo na atangulie na lori. Hamisi na ndugu yake mmoja wakageuza kitanda cha kamba kuwa machela. Mwanahawa mwenyewe akachukua mto.

Hivyo ndivyo Bibi Marta alivyoihama Kwemtindi, mabegani mwa watoto wa Mwanahawa, huku wanawake wawili wakibishana nyuma kuhusu mteremko upi una utelezi. Walipopita sokoni Soni watu walisimama na kuvua kofia, wakidhani ni maiti. Mzee akainua mkono.

"Onga mshi!" aliwasalimu kwa Kishambaa, na muuza vitunguu mmoja akaangusha pakacha.

Mguu ulipona. Bibi Marta aliizoea haraka nyumba mpya, akapata na marafiki wa kunywa nao chai. Paskalina ndiye aliyeshindwa kutulia. Kila alipomaliza kazi za asubuhi, alitoka bila kujua aendako, akakosa pa kuzungukia: njia za kijiji kipya zilikuwa zimepimwa kwa kamba, zimenyooka, na kila moja iliishia barabarani. Alikwenda mpaka mwisho, akasimama, akarudi alikotoka. Silvano alimuuliza anatafuta nini. Hakujua.

Mvua za masika zilipoanza, alipanda mlimani peke yake, akaizunguka ile njia ya zamani nyumba kwa nyumba. Siku hiyo hakumuaga mtu.