Ishara ya Pili

Siku ya tisa ya maombi ya marehemu Leocadio Warde, sebuleni kwake mjini Palmar Hondo, walikuwepo hawa: Radhamés Güílamo, mwenyekiti wa chama cha wachezaji wa zamani wa timu ya besiboli ya Trapicheros, Fermín Astacio, aliyelinda kituo cha kwanza kwa misimu kumi na mmoja mpaka goti likamkatalia, Ulises Hodge, mlinzi wa nyuma, Aniceto Polanco, mdakaji, na Doña Herminia, mjane. Asiyekuwepo ni marehemu mwenyewe, mrushaji, ambaye wote walimwita Kayo na ambaye katika mikutano yote ya chama alizoea kuketi karibu na mlango bila kutia neno.

Waombaji wengine walikuwa wamekwisha kuondoka alasiri ile. Madhabahu ndogo ya ngazi tatu, iliyotandikwa shuka jeupe, ilikuwa ingali imesimama ukutani, na juu yake palikuwa na glasi ya maji, mishumaa miwili, na glavu ya kahawia ya marehemu, iliyokauka hata ikakunjamana. Doña Herminia aliwagawia wageni chai ya tangawizi na mkate, kisha akaketi. Wazee wale walijua kwamba hakuwabakiza kwa ajili ya chai.

"Shemeji zangu," alisema, "leo ndiyo siku ya kuivunja madhabahu hii. Lakini siivunji kabla hamjanijibu. Jina la Kayo litaandikwa lini ukutani?"

Hakuna aliyeuliza ni ukuta gani. Kila mwaka, msimu ulipofunguliwa, klabu ilipaka jina la mchezaji mmoja mstaafu kwenye ukuta wa mwisho wa uwanja, kwa rangi ya kijani, herufi zenye urefu wa mtoto. Chama ndicho kilichopendekeza, na sharti lilikuwa moja: akipinga mmoja tu, jina halipiti. La mwaka huu lilikuwa limekwisha kupita. Barua ya klabu ilikuwa katika mfuko wa shati la Güílamo, na jina lililokuwa ndani yake ni la Aniceto Polanco.

Güílamo alikiweka chini kikombe chake. "Shemeji, usinielewe vibaya. Kayo alikuwa ndugu yetu. Ila ile fainali, watu hawajaisahau."

"Miaka arobaini na mmoja, Radhamés?"

"Watu wa hapa husahau hata siku za kuzaliwa za watoto wao. Fainali hawasahau."

"Ni kweli, shemeji," Hodge alidakia. "Yule kinyozi wa kona ana kasuku. Ukipita tu, anapiga kelele: 'Kayo, mpira uko wapi?' Na kasuku mwenyewe kazaliwa juzi!"

"Wee Hodge, hii ni nyumba ya msiba," Astacio alimkemea.

"Msiba naujua. Makaburini nani alilia kunishinda? Wewe ulikuwa unatafuta kivuli."

Astacio alitikisa kichwa, lakini hakukasirika. Hodge walimsamehe mengi. Ndiye aliyepata barua kutoka kwa timu moja ya kaskazini, kwa lugha asiyoijua, akaamini kwamba anaitwa. Akanunua suti, akasafiri, akaionyesha barua getini, na mlinzi wa geti ndiye aliyemsomea kwamba ameachishwa. Tangu hapo alifanya mzaha juu ya kila kitu, akianza na nafsi yake.

Aniceto hakucheka wala hakukemea. Alikuwa akiitazama ile glavu.

Aliikumbuka ilivyokuwa ingali laini, dakika ile ya mwisho ya fainali, kule katika uwanja wa mji mkuu. Timu zilikuwa sare. Wapinzani walikuwa na mkimbiaji mmoja kwenye kituo cha tatu, na mwingine ndiyo kwanza afike cha pili. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji, akimwonyesha mrushaji kwa vidole ni mpira gani arushe, na kila mdakaji anajua kwamba mkimbiaji akisimama kituo cha pili anaviona vidole vyake, anaweza kumwonyesha mpigaji ni mpira gani unaokuja. Kwa hiyo ishara hubadilishwa. Yeye na Kayo walikuwa wamekubaliana asubuhi, wakinywa kahawa: akiwapo mtu kituo cha pili, ishara ya kwanza ni ya uongo, ya pili ndiyo ya kweli; asipokuwapo, ya kwanza ndiyo ya kweli. Kidole kimoja ni mpira wa kasi. Viwili ni mpira wa kupinda.

Aniceto alionyesha kidole kimoja, kisha viwili, kisha kimoja. Alitaka mpira wa kasi, tena wa juu, akauinua mkono wenye glavu kuungoja. Alikuwa amemsahau mtu wa kituo cha pili. Akili yake ilikuwa jukwaani, alikoketi yule mjumbe wa timu za kaskazini aliyekuja kutafuta wachezaji. Kayo akaitii ishara ya pili, kama walivyopatana. Mpira ukapinda, ukadunda mavumbini, ukampita Aniceto katikati ya miguu. Mkimbiaji wa kituo cha tatu akaingia nyumbani akitembea, na fainali ikawa ya wapinzani.

Baadaye mwandishi wa alama alikuja katika chumba cha kubadilishia nguo, kalamu mkononi. "Lile kosa ni la nani? La mrushaji au la mdakaji?" Aniceto alikuwa ameinama anafungua kamba za viatu. Alizifungua polepole mno. Kayo akajibu, "Langu."

Mwezi uliofuata Aniceto alitia saini kwenda kaskazini, akacheza huko miaka tisa, akarudi na nyumba ya ghorofa na vidole vilivyopinda. Kayo alirusha nusu msimu tu. Kila alipopanda kilima cha mrushaji jukwaa zima lilimzomea. Akaacha, akawa mpimaji wa miwa kiwandani hadi kiwanda kilipofungwa. Kwa miaka yote hiyo Aniceto alijituliza kwa dhana moja: kwamba Kayo hakujua. Kwamba aliamini kweli kuwa yeye ndiye aliyekosea kusoma vidole. Mtu aliyebeba mzigo bila kujua kuwa ni wa mwingine, alijiambia, huenda haumwelemei sana.

"Basi nijibuni hili lingine," Doña Herminia alisema. "Mlipata kumuuliza mwenyewe kilichotokea?"

"Tumuulize nini, shemeji? Tulikuwepo," alisema Güílamo.

"Mimi nilimuuliza. Mara moja tu, mwaka tuliooana. Nilikuwa nimechoka kuzomewa sokoni. Akaniambia, 'Herminia, niliviona vidole vinakuja kwa mpango wa zamani, na glavu yake imeinuliwa juu. Nilijua kasahau. Ilinipasa nisimame nimwite tuongee. Sikumwita, nikaona mpatano ni mpatano. Kwa hiyo ni langu.' Nikamwambia, nenda ukaseme. Akasema, 'Mke wake alikuwa na mimba ya miezi minane, na yule mjumbe alikuwa jukwaani. Wawili tungezama, nani angefaidika?' Akaniapisha nisitamke. Nimekaa kimya mpaka alipokata roho. Baada ya hapo, kiapo hicho namtunzia nani?"

Alizungumza bila kumtazama yeyote. Hakuwa na haja ya kutaja jina. Katika timu ile, vidole vilikuwa vya mtu mmoja tu.

Güílamo aligeuka polepole. "Ceto?"

Aniceto aliinuka. Magoti ya mdakaji hayainuki kimyakimya. Yalilia, na kila mtu aliyasikia.

"Ni kweli," alisema. "Nilimsahau mtu wa kituo cha pili. Kayo alirusha nilichomwomba."

"Na ulijua? Siku zote hizi ulijua?"

"Nilijua kabla mpira haujaacha kubingirika."

"Mungu wangu." Güílamo alishika kichwa. "Mle ndani ya basi, tukirudi kutoka fainali, nilimtemea mate miguuni. Unakumbuka? Ulikuwa umekaa kiti cha nyuma yangu. Nilimtemea mate, naye akainama akapangusa kiatu chake. Wewe ulikuwa unatazama dirishani!"

"Nilikuwa natazama dirishani."

"Wewe si mtu, Ceto."

Astacio alijaribu kuinuka awatenganishe, ingawa hawakuwa wamekaribiana. Goti likamrudisha kitini. Hodge alikuwa amelia, safari hii bila kelele. Alipangusa uso kwa mkono wa shati, akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa unamwambia nani, kaka? Mwenyewe hayupo. Wiki mbili zilizopita alikuwa kwenye kitanda kile pale. Ulikuja na machungwa. Nusu saa nzima mlizungumzia mvua."

 Aniceto aliyakumbuka machungwa. Alikumbuka kwamba Kayo alikuwa amemmenyea moja yeye mgeni.

Aliikaribia madhabahu, akanyoosha mkono kuelekea glavu, kisha akaurudisha bila kuigusa. Aligeuka kwa mjane.

"Shemeji, sikuombi msamaha leo. Ningekuwa nakuongezea kazi."

"Vizuri," alijibu Doña Herminia. "Maana sina wa kukupa."

Aniceto alikubali kwa kichwa. Kisha akawakabili wenzake, mikono ikiwa ubavuni, kama wanavyosimama wachezaji wimbo wa taifa unapopigwa.

"Mwenyekiti, itoe hiyo barua uandike nyuma yake. Jina langu halitapakwa. Jumapili, msimu unapofunguliwa, kabla ya mpira wa kwanza, nitapanda kilima cha mrushaji, mahali alipokuwa akizomewa yeye, niwaambie watu wote ni ishara gani niliyoitoa. Mwacheni kila anayetaka kuzomea azomee mpaka achoke. Baada ya hapo mpige kura juu ya jina la Kayo, na mimi kura sipigi. Nimeamua."