Ng'ombe Wasiopita Njiani

Kifuniko cha ndoo ya maji kilitetemeka gizani. Ilikuwa simu yangu, huiweka pale juu kwa sababu ndipo mtandao unaposhika chumbani kwetu Mkonze. Alfajiri hiyo Gerson, baba wa mwanangu, alikuwa ameandika kutoka Uarabuni: "Mahari imeingia kwenye simu yako. Ni sarafu za mtandaoni. Mpelekee mzee habari, ila msiziuze, zinapanda."

Nilikaa kitandani nikimtazama Debora, mwanangu wa miaka minne, alivyolala. Tangu azaliwe, Jumapili wenzangu wakiinuka kwenda kwenye meza ya Bwana, mimi nabaki kwenye benchi natazama visigino vyao. Mchungaji alishasema: baba yangu, mzee Mazengo, akipokea mahari, ndoa itafungwa, hata kama Gerson atakuja kwa likizo fupi. Nikamvalisha mtoto, tukapanda basi la Mpwapwa.

Baba alikuwa zizini, anamkagua ndama ukwato.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona ghafla, umefukuzwa?"

"Nimeleta mahari."

Akachungulia njiani nyuma yangu. "Ng'ombe wako wapi? Au wamechoka, wamebaki stendi?"

Nikamwonyesha simu. Nikamweleza kama mwalimu wetu wa masomo ya jioni alivyotueleza: hakuna awezaye kuzifuta, maana kompyuta nyingi duniani zimeshuhudia.

"Hizo kompyuta zinakujua?"

"Hapana, baba."

"Ng'ombe wakipita hapo barabarani, mama Silvano anatoka na mwiko mkononi: wanakwenda kwa nani hao? Kwa Mazengo, binti yake anaolewa. Siku mkigombana na mwenzio, mama Silvano atasema, mimi niliwaona kwa macho yangu. Hawa wako, nani amewaona?"

"Tunaweza kuziuza, tukanunua ng'ombe."

"Gerson amekubali?"

"Amesema tusiziuze."

Baba akacheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. "Mtu anakupa kitu, anakukataza kukigusa. Amekupa nini?" Akaniangalia kwa huruma iliyoniuma kuliko ile mizaha. "Simchukii kijana wa watu. Lakini bado hujaolewa, mwanangu."

Nilikwenda kusimama nyuma ya ghala, upepo ukinipiga vumbi usoni. Niliona baba ana haki. Niliamini pia kwamba sarafu zile si uongo, na kwamba pengine iko siku hata mama Silvano atapata njia ya kuziona zikipita. Yote mawili nilikuwa nayo kifuani, na mtu wa kumwambia sikuwa naye.

Simu ikaita. Gerson.

"Vipi, mke wangu? Mzee amefurahi?"

Neno lile, mke, nikaliacha lipite. Nikawa natafuta maneno mazuri, yasiyomvunja moyo huko aliko peke yake. Debora alikuwa amenifuata. Akauvuta mkono wangu chini, akaisogeza simu mdomoni mwake.

"Baba, mama bado hajaolewa."