Foleni Iliposogea

Siku wageni wa ufadhili walipokuja Tunduma, bibi Ferista alishuka kutoka Igamba na kikapu cha viazi vya kuchemsha, akaketi kwenye kivuli cha chaja ya malori ya umeme, mtambo mrefu kuliko mlango wa kanisa lao. Aliyeusimika ni mjukuu wake Tusekile, na wenzake wa chuoni. Mtoto huyo Ferista alimlea tangu mama yake alipofariki.

"Usiuguse, mke mwenzangu," Tusekile alisema. "Umeme wa humu hauna utani."

"Kwani mimi nina utani nao? Nina utani na wewe."

Tusekile akacheka, huku akikagua nyaya kwa mara ya tatu. Fedha za utafiti walizopewa zilikuwa za kuonjea tu. Wageni wakiona lori la umeme linaingia, linashiba upesi na kuondoka, wangetoa za kuendelea, naye angebaki Songwe, kila Jumapili akipanda Igamba. Wasiporidhika, mradi unafungwa. Kazi hiyo hapa nchini haikupatikana kwingine, na chuo cha ng'ambo kilishamwita.

Ferista akaona amtulize. "Kitendawili."

"Tega."

"Fahali wangu hali majani, hanywi maji. Akila moto, anabeba nyumba."

"Hilo si lori langu? Leo sikupi mji, bibi."

Tangu utotoni, aliposhindwa vitendawili, Tusekile alitoa miji bila uchoyo: Vwawa, Mbeya, Sumbawanga, hata Lusaka. Tunduma alikataa kuitoa. Alikuwa akisema hiyo ni yake, ndiko kwenye malori.

Wageni wakafika. Tusekile akampigia simu Yassir, dereva wa lori la majaribio, aliyekuwa na shehena kwenye foleni ya mpakani tangu juzi. Walikubaliana kwamba akiitwa atachomoka, aje achaji. Foleni yenyewe ilikuwa imekufa.

"Yassir, wamefika. Njoo."

"Dada, foleni inasogea."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Nikichomoka, nafasi inaliwa. Nyuma yangu malori yamepangana hadi Mpemba, na mzigo huu ni wa watu. Niache nivuke kwanza."

Tusekile akashusha simu. Chaja waliijenga pembeni, kwenye kiwanja walichopewa, wakahesabu umeme, joto, betri. Kwamba dereva wa Tunduma haachi foleni inayotembea hata akiitwa na mama yake mzazi, hilo hakuna aliyelihesabu.

Wageni walingoja. Walikula viazi, wakavisifu. Mkubwa wao, mama mmoja mpole, aliyatazama malori yakipita barabarani, moja baada ya jingine, hakuna lililokata kona. Akauliza taratibu, kama anayeuliza habari za mgonjwa, "Wenye kuihitaji wako wapi?"

Tusekile alieleza mpaka sauti ikakauka. Wakamshukuru, wakaondoka.

Yassir aliporudi kutoka Zambia alikuja kichwa chini. "Nisamehe, dada."

"Ningekuwa mimi, nami nisingetoka," Tusekile alimjibu.

Fedha zikapelekwa nchi nyingine. Chaja ikang'olewa, ikapakiwa juu ya lori la dizeli.

Jioni ya kuagana, kabla ya kwenda ng'ambo, Tusekile alipanda Igamba. Walikusanya kahawa iliyokuwa imeanikwa, kisha Ferista akaanza.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

Hicho hata mtoto wa kunyonya angekitegua. Tusekile alichambua kahawa viganjani kwa muda.

"Nimeshindwa, bibi."

"Basi nipe mji."

"Chukua Tunduma."

Ferista aliupokea, kwa sababu mji ukitolewa haukataliwi. Akaanza kusimulia safari yake, kama mtegaji anavyopaswa kabla ya kutoa jibu.

"Nilikwenda Tunduma. Wenyeji wakanipokea, wakanichinjia kuku, wakanikalisha kitini. Kisha wakaniuliza, mwenye mji yuko wapi…"

Hakuweza kuendelea.