Geriti wa Bani Malik

Bwana Jelle Hoekstra alikuwa na ukoo wake wote ndani ya buti la gari, na dereva wake Absalom alikuwa amechoka kuubeba. Ilikuwa karatasi moja ndefu kama pazia, imeviringwa ndani ya bomba la plastiki. Kila Ijumaa mzee huyo Mholanzi aliishusha, akaitandaza juu ya meza ya mkahawa wao pale Olaya, Riyadh, akaikandamiza pembe nne kwa vikombe, kisha akaanza kumtembeza Absalom katikati ya wafu.

"Huyu alihamia Amerika, akalima viazi. Huyu alikwenda Kanada, akazaa watoto tisa. Huyu Australia, akaumwa na nyoka."

"Pole yake, bosi."

"Hakufa. Alimwoa muuguzi."

Absalom alikuwa ameshawazoea. Alikunywa chai yake, akaitikia pale pa kuitikia, na kama mzee akichanganya wajomba, yeye naye alichanganyikiwa pamoja naye bila kinyongo. Tawi moja tu ndilo lililomfanya mzee avue miwani kila alipolifikia. Lilianza na jina Gerrit, likaenda kidogo, likaishia kwenye alama ya kuuliza.

Gerrit alikuwa ndugu wa babu yake Jelle. Alipoitwa jeshini aliacha nyumbani farasi jike mweusi, kipenzi chake, na kaka yake Sybren akamuuza. Gerrit aliporudi akakuta zizi tupu. Hakugomba. Alichukua koti lake, akapanda meli ya kwenda Afrika Kusini, na kadi ya mwisho ikatoka mahali pengine, mbali zaidi, kisha kimya. Sybren akazeeka na jambo hilo kooni. Karibu na kufa alimwita mjukuu wake Jelle, akamwambia: "Watafute watu wa Gerrit. Waambie nilikosa."

"Na sasa mkataba wangu unaisha," mzee alisema Ijumaa hiyo. "Kabla ya Ramadhani narudi nyumbani moja kwa moja. Dada yangu Tineke huniuliza kila Jumapili nimefika wapi. Hii radhi ya babu nimeibeba maisha yangu yote, Absalom. Nitaitua wapi?"

"Hiyo kadi ya mwisho ilitoka wapi, bosi?"

"Afrika ya Mashariki ya Waingereza. Siku zote nakuambia."

Ni kweli, siku zote alikuwa akimwambia, na siku zote Absalom alidhani ni nchi fulani iliyokwisha kufa.

"Mji gani hasa?"

"Eldoret."

Absalom aliweka kikombe chini, pembe ya ukoo ikajikunja. "Bosi! Huko si ni kwetu? Eldoret ndiyo Sisibo! Mimi wa Kimilili, hapo ni pua na mdomo!"

Jioni ile ile alituma sauti yake kwenye kundi la simu la Wakenya wa magharibi walioko Saudia, kundi ambalo kwa kawaida ni la matanga na matusi ya mpira. "Jamani, kuna anayejua habari za Mzungu wa kale, Geriti, upande wa Sisibo?" Chai haijapoa, Dancan wa Jeddah akajibu: "Geriti? Huyu hapa kitanda cha juu, anakoroma kama jenereta. Nimwamshe?"

Walizungumza mpaka Absalom akaridhika. Asubuhi akamfungulia mzee mlango wa gari, akasimama wima kama askari. "Bosi, Gerrit amepatikana. Yuko Jeddah, mtaa wa Bani Malik."

Hapo Absalom hakudanganya hata chembe. Kwao mtoto akizaliwa akawa hanyamazi, wazee huita majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Akinyamaza kwa jina fulani, basi halas, mwenyewe amerudi, na kuanzia siku hiyo hakuna mjadala. Bibi kizee humwita kitoto "mume wangu" na kumwekea firigisi. Kwa hiyo Absalom aliposikia kwamba Geriti yupo, yu hai na ana ikama, kibali cha kuishi Saudia, aliona kazi imekwisha. Kwamba Geriti huyo ni Mbukusu mweusi tititi kama yeye, hilo halikumjia akilini kuwa ni habari ya kutolewa.

Mzee naye alisikia yake. Alisikia mjukuu wa Gerrit, mtu mwenye pua ya akina Hoekstra na nyusi zao za manyasi. Akanunua tende za bei kali, akatoa jibini aliyokuwa ameihifadhi, akanyoa ndevu mara mbili. Ndege alikataa.

"Gerrit alifika Eldoret na magari ya ng'ombe, mimi niruke? Tutakwenda kwa barabara."

Wakaondoka alfajiri. Jangwa likaja, likapita, likaja tena. Walikunywa chai kwenye vituo vya petroli, wakateremka kona za Taif masikio yakiziba, wakashika ile njia ya pembeni ya wasio Waislamu inayoizunguka Makka, na muda wote mzee hakutulia kitini.

"Ana pua kubwa?"

"Sijamwona, bosi. Lakini nasikia anakoroma."

"Babu alikoroma!" Mzee akapiga goti lake. "Nyumba nzima ilitikisika!"

Absalom akafurahi naye, akaongeza mwendo.

Jeddah iliwapokea na unyevu wake, miwani ya mzee ikafanya ukungu mara tu alipotoka garini. Walipanda ngazi za jengo moja kuukuu la Bani Malik, wakikwepa viatu, mitungi ya gesi na nguo zilizoanikwa. Dancan, kijeba mmoja mcheshi anayelinda duka la simu Sharafiya, akafungua mlango kabla hawajabisha.

"Yalla, ingieni, ingieni! Mna bahati, leo kiyoyozi kimekubali kazi."

Ndani alisimama jitu la miaka kama hamsini, dereva wa lori la maji, shati jeupe, tai imemkaba. Alifungua mikono.

"Mjukuu wangu!" akasema. "Mbona umechelewa hivyo?"

Mzee akamwamkia kwa heshima, kisha akachungulia nyuma ya bega lake. "Na Gerrit yuko wapi?"

"Ndiye mimi. Geriti Simiyu."

Dancan akatoa kicheko, akakimeza. Mzee akamtazama Simiyu kuanzia tai hadi viatu, halafu akamgeukia Absalom. Na hapo ndipo Absalom alipoona, kama mtu aliyewashiwa taa usoni, umbali uliokuwapo kati ya alichosema na kilichosikika. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii aliyokuja nayo ilikuwa ndefu kutoka Riyadh mpaka baharini, tena bila kudanganya.

"Absalom," mzee akasema polepole, "ulisema umempata."

"Si huyu, bosi? Jina lake limo mpaka kwenye ikama!"

"Kaeni kwanza," Simiyu akasema. "Habari hailiwi wima."

Wakakaa kwenye zulia, Dancan akawamiminia chai, mzee akaitandaza karatasi yake ya ukoo. Simiyu akaeleza. Babu yake alikuwa mkulima mkuu wa shamba la Geriti, akashika plau ya ng'ombe, baadaye trekta, na ndiye aliyemfumba macho yule Mzungu alipokufa. Miaka ikapita, Simiyu akazaliwa.

"Nililia, mzee wangu, nililia mpaka majirani wakahama njia. Wakaita jina la babu, la babu wa babu, la wajomba. Wapi! Wakaita hata la mwizi mmoja wa ukoo. Nyanya akachoka, akasema kwa hasira, 'Au ni Geriti?' Nikanyamaza hapo hapo, nikadai ziwa."

"Aibu ilioje," Dancan akadakia. "Mizimu yote ya Wabukusu imejaa, yeye akachagua Mholanzi."

"Nyamaza wewe, ulipolia hata paka wa kwenu hakuamka kukuitikia."

Mzee hakucheka. "Gerrit alikuwa na watoto?"

"Hapana. Alikuwa na mbwa watatu na ugomvi na kila mtu."

"Farasi?"

Simiyu akatikisa kichwa. "Farasi hakumtaka shambani. Wazungu wenzake wakija wamepanda, aliwaambia wawafunge langoni, waingie kwa miguu. Babu alisema hakujua kwa nini."

Mzee akavua miwani, akaifuta, ingawa ukungu ulikuwa umekwisha. Kisha akaanza kuiviringa karatasi yake.

"Basi hakuna mtu," akasema. "Tawi limekatika. Asante kwa chai, bwana. Ninyi ni watu wema. Lakini radhi haiombwi kwa hewa. Absalom, twende."

Absalom akainuka nusu. Alitamani lile zulia limmeze na bomba la plastiki juu yake. Alikuwa amemvukisha mtu huyu jangwa lote na tumaini lake, na sasa angemrudisha jangwa lote bila hilo tumaini.

"Keti, Absalom," Simiyu akasema, sauti imebadilika. "Na wewe mjukuu, keti. Nikuulize. Mimi nilipokuwa darasa la pili, mzee mmoja alinivizia njiani akanichapa fimbo tatu. Unajua kwa nini?"

"Sijui."

"Eti Geriti alimfukuza kazi mwaka wa nzige. Mama mmoja alininyima mahindi ya kuchoma mpaka alipokufa, kwa sababu mbwa wa Geriti walimla mbuzi wake. Mbuzi simjui, mbwa siwajui! Nikalalamika kwa baba, akasema, 'Si jina umelichukua mwenyewe? Vumilia.' Lawama za huyo mtu nimezila tangu sijang'oa meno. Leo, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, ameletewa kitu kizuri. Ameletewa kuombwa radhi, kutoka mbali hivyo! Ninyi mnataka kukirudisha? Fimbo ziwe zangu, radhi ziwe za hewa?"

Kiyoyozi kikakohoa. Halafu mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Absalom akadhani analia, akasogea. Kumbe anacheka, anacheka mpaka machozi, na baada ya kicheko machozi yakabaki yenyewe.

"Ni haki," akasema. "Wallahi, ni haki." Neno hilo alikuwa amelichukua ofisini Riyadh, na hakuna aliyemsahihisha.

Akaweka bomba pembeni, akapiga magoti kwenye zulia, mzee mzima, akanyoosha mgongo. "Gerrit. Kaka yako Sybren alimuuza farasi wako ukiwa hupo, wala hakukuuliza. Alisema nikwambie alikosa."

Absalom alitegemea Simiyu ajibu "nimesamehe" mambo yaishe, wapate kula. Lakini Simiyu alikuwa amekunja uso, mtu mwenye kesi yake.

"Alimuuzia nani?"

"Mfanyabiashara wa maziwa wa kijiji cha pili."

"Alimtunza vizuri?"

"Sijui. Nadhani alimfunga kwenye gari la maziwa."

"Gari la maziwa! Farasi wangu!" Simiyu akapiga zulia. "Na kwa nini alimuuza?"

Mzee akasita. Hili hakuwa amemsimulia hata Absalom. "Alitaka kuoa. Baba wa msichana aliwataka wawe na nyumba yao."

"Msichana nani?"

"Aukje. Nyanya yangu."

Simiyu akahesabu kichwani, midomo ikichezacheza. "Kwa hiyo farasi yule angebaki zizini, nyanya yako angeolewa na mwingine."

"Labda."

"Na wewe usingekuwepo hapa kupiga magoti."

"Nisingekuwepo popote."

"Mhm." Simiyu akamtazama, akamtazama tena, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. "Ningeambiwa hivyo siku ile ile, nisingepanda meli. Kaka angeniambia tu, 'Gerrit, nina mchumba.' Ningemfungia mwenyewe hatamu. Kosa lake si farasi. Kosa lake ni kunyamaza."

"Ndivyo alivyosema," mzee akanong'ona. "Karibu na maneno hayo hayo."

"Basi yameisha. Dancan! Lete kitu cha kubariki. Kwetu hapa pangekuwa na busaa, pombe ya wazee."

"Busaa mafi, hakuna hapa. Utatufukuzisha nchi."

"Najua mafi! Lete kile kilichopo."

Dancan akafungua friji akaja na pakiti ya laban. Wakati huo mzee alikuwa amekwisha kumpigia dada yake, simu ameiegemeza kwenye sahani ya tende, na kwenye kioo akatokea bibi mwenye nywele nyeupe pee, amekaza macho, akisema Kiholanzi chapuchapu. Mzee akamjibu maneno machache. Bibi akaziba mdomo kwa kiganja.

Simiyu akajaza laban mdomoni. Absalom alijua kinachokuja, akataka kumwonya bosi wake, lakini alichelewa: "Pfffuu!" Maziwa yakatua kwenye paji la uso la Jelle Hoekstra, kwenye miwani, kwenye shati lililopigwa pasi kwa ajili ya siku hiyo. Mzee akashtuka, ila hakukwepa; Absalom akamnong'oneza kwamba kwao baraka hupulizwa hivyo.

Bibi akapiga kelele ndani ya simu.

"Anasemaje?" Simiyu akauliza, akijifuta kidevu.

"Anauliza unanifanya nini." Mzee alikuwa amefumba macho, laban ikimtiririka mpaka kwenye kola. "Nimemwambia ninasamehewa."

"Mwambie asubiri hapo hapo, zamu yake inakuja," Simiyu akasema, akaiinua pakiti tena. "Wewe geuka, bado upande wa pili."