Shahidi wa Ubatizo

Orodha ya kipaimara ilikuwa na majina mia moja na kumi na mawili, na Adeline alikuwa ameyaandika yote mara tatu kabla ya kuibandika kwenye mlango wa kanisa Jumatano asubuhi. Waliokuwa wakiisubiri walimsogeza pembeni ili wasome. Alisimama nyuma yao, gundi ikimkaukia vidoleni, akahisi uchovu ukimshuka kutoka mabegani hadi kwenye nyayo, kama maji ya nguo iliyoanikwa bila kukamuliwa.

Huu ulikuwa mwaka wake wa saba akiwa katibu wa parokia hiyo ya Kisangani. Jumapili askofu angefika, na kila mtoto alitakiwa kuwa na cheti cha ubatizo. Tangu Jumatatu ofisi haikupumua. Wazazi walivuka mto kwa mtumbwi kutoka Lubunga. Bibi mmoja alisafiri siku tatu kutoka Yahuma kuja kusema kwamba daftari la kule liliharibiwa na mvua. Mtoto aliyekosa cheti aliletewa shahidi, mtu aliyeyaona maji yakimwagwa, na Adeline akaandika ushuhuda wake. Jioni alirudi nyumbani kwa toleka, ameketi nyuma ya mwendesha baiskeli huku barua zilizobaki zikimzunguka kichwani. Mumewe, Muhindo, alikuwa Butembo kufuata bidhaa za duka. Kila jioni Benie, binti yao wa miaka kumi na minne, alikuwa ameshapika, ameshafua na kuwaogesha wadogo zake wawili. Adeline alimshukuru bila kumtazama, akala huku macho yakifumbika.

Alhamisi jioni alimkuta jirani yao akimngoja barazani. Mama Mwanahamisi alitoka katika familia za zamani za Kiislamu za mji huo. Hakuwahi kuingia kanisani, lakini sikukuu za watoto wa jirani alizijua kama zake.

"Mama Benie, keti kwanza," alisema. "Mutoto wako analia kwangu tangu jana. Anasema jina yake haiko."

"Haiko wapi?"

"Kwa orodha yenu. Alienda kusoma na wenzake. Wote waliona majina yao."

Adeline aliketi. Angeweza kusema kwamba amesahau, na kila mtu angemwamini. Wiki kama ile ingemsahaulisha mtu hata umri wake. Lakini hakuwa amesahau. Mara zote tatu, alipofika kwenye jina la Benie aliliruka akijiambia: hili ni langu, nitalimaliza kesho. Kazi za watu zilikuwa nyingi, na wingi huo ulimfaa. Ulimfunika.

Benie alikuwa jikoni akiponda ndizi za lituma. Hakugeuka.

"Uliiona jana," Adeline alisema. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umechoka, mama." Mchi uliendelea kupanda na kushuka. "Nilifikiri labda mtoto wa katibu anaandikwa mwisho."

Sauti yake haikuwa na lawama hata kidogo. 

Ijumaa asubuhi aliingia ofisini akiwa amemshika Benie mkono, akaketi upande wa waombaji wa vyeti. Abbé Arsène, paroko wao, alimtazama, kisha bila kuuliza akazunguka meza, akaketi kwenye kiti cha Adeline na kuchukua kalamu.

"Cheti chake kiko wapi?"

"Hakipo. Nimekuja kama shahidi."

"Bon. Eleza."

Alieleza. Benie alizaliwa Ubundu, miezi miwili kabla ya wakati, Muhindo akiwa huku Kisangani. Sista mkunga alitazama saa, akautazama uso wa Adeline, kisha akaleta maji katika kikombe cha bati, akabatiza mwenyewe. Hapakuwa na padri wala mshumaa. Kesho yake hakuna aliyekwenda parokiani kuandikisha, kwa sababu kesho yake walikuwa wanazika.

Kalamu ilisimama. "Mlikuwa mnamzika nani?"

"Walizaliwa wawili." Hakumtazama padri; alimtazama Benie. "Nyote wawili mlibatizwa. Pacha wako aliishi hadi alfajiri. Papa yako aliomba tusiseme mpaka ukue. Kisha ukakua, na mimi nikawa na kazi."

Nje mtu aligonga mlango. Padri alimwambia asubiri. Benie aliiangalia karatasi.

"Aliitwa nani?"

Kwa miaka kumi na minne jina hilo halikuwahi kupita mdomoni mwa Adeline. Alihofia lingetoka limevunjika. Lilitoka zima.

"Aimée."

"Mon père," Benie alisema, "mumuandike naye."

Abbé Arsène aliitazama fomu. Ilikuwa na nafasi ya jina moja. Akaisogeza kando, akachukua karatasi nyeupe, akaanza upya kwa mkono wake: majina mawili, tarehe moja. Adeline alitia sahihi mahali ambapo kwa miaka saba alikuwa akiwaonyesha wengine kwa kidole.

"Jumapili aje na wenzake," padri alisema taratibu.

Barazani foleni ilikuwa imefika ngazini. Mzee mmoja aliinuka na bahasha yake.

"Nitarudi saa nane, papa," Adeline alimwambia, akashangaa kwamba mzee alikubali tu, akaketi tena.

Walirudi kwa miguu. Waendesha toleka waliwagongea kengele, wakaachana nao.

"Tulifanana?" Benie aliuliza.

"Sana. Sista aliwafunga katika kitenge kimoja. Mimi ndiye niliyesema yupi ni Benie, yupi ni Aimée." Adeline alipunguza mwendo. "Nilikuwa na homa. Kuna siku najiuliza kama nilisema sawasawa."

Benie alihamia upande wa pili wa mama yake, upande uliokuwa na jua, akamshika kiwiko, wakaendelea polepole.