Mama Pasi Alipokabwa Ukosi

Kazini, kwenye duka la dobi, walimwita Mama Pasi kwa kuwa hakukuwa na mkunjo uliowahi kumshinda. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na miwili, na mwaka huo ulikuwa wake wa sita wa kujifunza judo. Mara tatu kwa wiki, akitoka kazini, alipitia ukumbi wa shule ya jirani, akaangusha watu na kuangushwa.

Kaka yake, mlinzi wa benki, hakuisha kumcheka.

"Mdogo wangu, ule ni mchezo wa adabu. Mnainamiana, mnashikana nguo, mnaangushana kwenye magodoro. Mtaani nani atakuinamia kwanza?"

"Hakuna."

"Sasa?"

Kusema kweli, swali hilo lilikuwa linamtafuna hata yeye.

Alhamisi moja, saa tisa mchana, tajiri wake alikuwa ametoka kwenda kutafuta kipuri cha mashine, na Mama Pasi alibaki peke yake dukani. Akaingia mwanamume mrefu, macho mekundu, akaweka tikiti juu ya kaunta. Namba tisini na moja.

"Suti ya baba. Tunamzika kesho asubuhi. Ndiyo tutakayomvalisha."

"Pole sana, ndugu yangu."

Alikwenda kwenye hanga la tisini na moja. Tupu. Akapekua la tisini, akapekua la tisini na mbili, jasho likaanza kumtoka.

"Hebu nivumilie kidogo, nitazame tena."

"Utazame nini? Mmeipoteza!"

"Sijasema—"

Hakumaliza. Mwanamume alisukuma kilango cha kaunta, akamrukia, akamkaba ukosi kwa mikono miwili na kumrudisha kinyumenyume hadi kwenye mashine ya kupigia pasi. Ilikuwa wazi, inafuka mvuke. Joto lake lilimchoma mgongoni.

Hapo ndipo alipojishangaa. Moyo ulimwenda mbio, ndiyo, lakini mwili haukushtuka. Kushikwa ukosi kulikuwa kama salamu kwake. Kwa miaka sita kila zoezi lilianzia hapo. Miguu ilijitanua yenyewe, kidevu kikashuka, mkono wake ukaikamata shati ya yule bwana kwenye kiwiko. Akahisi uzito wote wa mtu yule umemlalia. Kugeuka mara moja tu, na angempitisha juu ya nyonga.

Ampitishe aende wapi? Nyuma yake palikuwa na chuma cha moto, na chini vigae vitupu. Ukumbini mtu huanguka akainuka anacheka. Huyu angeanguka asiinuke.

Akazunguka naye hatua mbili, kama wachezaji wa dansi, wakaiacha mashine. Kisha akaufagia mguu wa yule bwana kwa unyayo wake. Mwanamume alikwenda chini. Mama Pasi hakuiachia ile shati, aliivutia juu kwa nguvu zake zote, kichwa kisigonge sakafu, maana mwalimu wao alikuwa akiwapigia kelele kila siku: "Usimwachie mwenzako! Kichwa chake ni amana yako!"

Pu! Akatua kwa makalio juu ya rundo la mashuka machafu.

Wakatazamana, wote wanahema.

"Nikikuachia utanipiga?"

"Hapana, dada yangu." Mwanamume akaanza kulia. "Hapana. Sijui nimefanya nini."

"Basi kaa hapo hapo."

Akarudi kwenye kaunta. Aliishika ile tikiti, akaigeuza, akaigeuza tena, akaona. Tisini na moja, ukiisoma kichwa chini, ni kumi na sita! Alikimbilia hanga la kumi na sita. Suti ilikuwa pale, nyeusi, imenyooka, imefunikwa nailoni.

"Ndiyo hii?"

Mwanamume aliinuka polepole, akaugusa mkono wa koti kama anayemgusa mtu.

"Ndiyo yenyewe. Nisamehe."

"Kosa la suti ni letu, na tunaomba radhi. Lakini msiba si ruhusa ya kumkaba mtu. Ungenichoma."

"Najua," alisema, kichwa chini. Akaondoka ameikumbatia suti kwa mikono miwili.

Kaka mtu, aliyepigiwa simu, alifika mbio na sare yake ya kazi.

"Umeumia?"

"Kifungo kimoja kimekatika."

"Alhamdulillahi! Basi judo yako inafaa. Nimekubali."

"Usikubali haraka, kaka. Angekuwa na kisu, ningempa hata hiyo mashine. Wangekuwa wawili, ningetoka mkuku. Huyu alinishika pale pale ninapopajua." Akafikiri kidogo. "Ila sikuganda."

Kaka alivua kofia, akaketi juu ya mashuka.

"Mimi niliganda," alisema. "Ule mwaka walipotuvamia benki. Nilikuwa na bunduki begani, na nilisimama kama nguzo. Sijawahi kumwambia mtu."

Mama Pasi aliketi kando yake, bega kwa bega. Ndiyo kusema miaka yote ile ya kumcheka, mwenzake alikuwa akimwogopea.

"Ukumbi unafunguliwa saa kumi na moja," alisema. "Wanaanza kwa kukufundisha kuanguka."

"Na huu mwili?"

"Wapo wanene kuliko wewe."

Kaka akaangua kicheko, naye akacheka, mpaka machozi yakawatoka; na tajiri aliporudi na kipuri chake aliwakuta wamekaa juu ya nguo chafu za wateja, wanashindwa hata kumweleza kilichotokea.